Chui Wangu na Mbuzi wa Ntheo

Baba yangu aliwatangazia majirani zetu wa Singida kwamba binti yake anakwenda ng'ambo kusomea chui. Ng'ambo, kwa mtaa wetu, maana yake ni theluji. Jirani mmoja alinipa koti zito la mtumba lenye manyoya kwenye kofia, akaniasa nisilisahau kwenye ndege. Sikupanda ndege. Nilipanda basi, nikavuka mpaka wa Kenya pale Namanga koti likiwa mapajani, na kesho yake mchana nilikuwa nimesimama sokoni Nuu, katika Kaunti ya Kitui, kwenye joto ambalo hata Singida tungelilalamikia, mwenye duka akiniuliza kama hilo koti nauza.

Nuu nako walikuwa wamesikia kwamba mradi wa chui unaletewa mwanafunzi kutoka nchi za nje, na kanisa lilikuwa limeandaa kwaya. Niliposhuka kwenye gari la mradi waliimba ubeti mmoja huku wakitazama nyuma yangu, wakisubiri Mzungu ashuke. Mzungu hakushuka. Ubeti wa pili waliuimba polepole, halafu mama mmoja akasema kwa upole, "Basi tukunywe chai tu."

Mimi ni mwepesi wa hasira na sikuwasamehe haraka. Walipogundua kwamba Kiswahili changu ni cha Tanzania, walinifanya msomaji wa matangazo ya kanisa kila Jumapili, si kwa ajili ya matangazo bali wapate kusikiliza. Nilisoma habari za michango ya paa na ratiba ya umoja wa akina mama, na watu wakafumba macho kama wanaosikiliza redio. Hakuna aliyekumbuka nilichosoma. Mchango wa paa ulidorora.

Mradi wenyewe ulikuwa mdogo. Ulikuwa na pikapu moja iliyochorwa chui kwenye milango yote miwili, kamera chache za kufunga mitini ambazo hupiga picha zenyewe kitu kikipita mbele yake, na mkuu wa mradi, mama wa Kizungu aliyeishi kwao miezi mingi ya mwaka na kutuongoza kwa ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Tulioongozwa tulikuwa mimi na dereva, na dereva alikuwa na shamba lake la ndengu, yaani choroko. Kazi yangu ilikuwa kupanda vilima vya Nuu nikitafuta nyayo na kinyesi, kukagua kamera, na mbuzi wa mtu akiuawa, kwenda kupima matundu ya meno shingoni ili nijue kama ni chui, ni fisi, au ni mbwa wa jirani. Mara nyingi ni mbwa wa jirani. Nilijifunza upesi kwamba hakuna mtu anayetaka kuambiwa ukweli kuhusu mbwa wa jirani.

Chui mwenyewe sikuwa nimemwona. Nyayo zake niliziona, kinyesi chake nilikibeba kwenye mifuko ya plastiki kama dawa, lakini kamera zilikuwa zimepiga picha za punda, kanga, na wanakwaya wanaofanya mazoezi ya kucheza wakidhani hawaonekani. Juu ya hayo, kwa watu wa Nuu, chui wote walikuwa wangu. Kulikuwa na habari, iliyothibitishwa na watu wenye akili timamu, kwamba mradi huwaleta chui kwa gari, na kwa kuwa mimi nimetoka Tanzania, basi huyu wa sasa nimekuja naye kutoka Serengeti. Serengeti sijawahi kufika. Mtu akipoteza mbuzi alinipigia simu: "Chui yako imekula." Nikimwambia si wangu, alijibu, "Kama si yako, mbona unaitafuta?"

Nilipangiwa chumba nyumbani kwa mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye sauti ya kuombea mvua, na mkewe, ambaye aliniambia siku ya kwanza nimwite Mwaitu, yaani mama, kwa sababu hakuwa na nafasi ya kuishi na mtu anayemwita "shikamoo". Alikuwa na wajukuu na magoti mabovu, na muthokoi wake, ule mchanganyiko wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ulinifanya nisahau wali kwa miezi. Mzee alisema mengi. Mwaitu alisema machache, na mara nyingi alisema na sufuria.

Mwezi mmoja binti yao alikuja likizo kutoka Nunguni, kule milimani Makueni, tukagawana chumba. Alikuwa nesi kwenye zahanati. Alikuwa akiishi na mwanamume wa huko kwa miaka kadhaa na walikuwa na mtoto wa chekechea. Lakini kwa Wakamba mwanamke hajaolewa mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwao. Cheti ni kizuri na watoto ni baraka, ila bila mbuzi watatu kupokelewa na mmoja kuchinjwa, huyo ni mtu anayelala kwa watu. Mama wa yule bwana alimpenda sana mkwewe na alimtambulisha kwa wageni kama "yule nesi".

"Nikikufa leo," aliniambia tukichambua ndengu, "wataniweka kwa gari wanirudishe hapa. Mimi nataka kujua kama ni bibi ya mtu ama ni visitor."

Sasa mbuzi walikuwa wanakuja. Siku ilipangwa, wazee wa Nuu wakaalikwa kama mashahidi, Mwaitu akapika tangu alfajiri. Wageni wa Nunguni walitarajiwa asubuhi. Saa sita hawakuwa wamefika, saa nane hawakuwa wamefika. Wazee walikula chakula cha wageni, wakangoja kwa heshima mpaka kikaisha, wakaenda zao. Wageni walitokea jua likizama, baada ya kupasua magurudumu mawili njiani. Nunguni ni baridi, nao walikuwa wamevaa sweta, koti na kofia za sufu, wakashuka kwenye pikapu wanachuruzika jasho, na maparachichi, na kabichi, na mbuzi watatu wazuri sana. Mbele yao alikuwa mjomba wa bwana harusi, msemaji wao, mtu mnene mwenye fimbo. Nilikumbuka koti langu nikawahurumia.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na yaliharibika kwa adabu. Mzee alisema hawezi kupokea mbuzi bila mashahidi, na mashahidi wameenda, wangoje kesho. Mjomba akakubali. Mzee akasema mbuzi wasiingie zizini kwake, kwa sababu wakiingia itakuwa kama amewapokea. Mjomba akasema nao hawawezi kwenda nao kanisani walikoandaliwa kulala, kwa sababu ukiondoka na mbuzi wa ntheo ni kama hukuwaleta. Wote wawili walisema kweli. Wakatafuta mahali ambapo mbuzi watakuwa wameletwa lakini hawajapokelewa, wakapapata: nje ya ua wa miiba, kwenye shina la mkwaju ulio kando ya barabara.

Nilisema, kwa sauti na mbele ya watu, kwamba hapa ni mahali pa chui na mbuzi hawafungwi nje.

Mzee alinitazama kwa huruma. "Mwiitu," alisema, kama wasemavyo wao kumwita binti, "umetafuta hiyo chui miezi yote na hujaiona."

Ilikuwa kweli. Niliingia ndani nikalala.

Asubuhi niliamshwa na kelele za wanaume, na sentensi ya kwanza niliyoisikia vizuri ilikuwa, "Iteni mwenye chui."

Mbuzi wa kwanza alikuwa amekufa pale pale shinani, kamba shingoni. Huyo hakuwa na ubishi, alifia nje. Wa pili alikuwa amekata kamba akakimbilia usalama kwenye lango la nyumbani, na alikuwa amefia langoni, kichwa ndani ya ua, kiwiliwili barabarani. Wa tatu hatukumwona kwanza. Tulimwona Mwaitu alipotoka kuweka chai motoni, akasimama, akatazama juu. Chui alikuwa amempandisha mkwajuni kama wafanyavyo, na lile tawi nene alilolichagua lilipita juu ya ua, likaja kuishia juu ya jiko la nje la Mwaitu. Mbuzi alikuwa amelazwa pale kwenye panda ya tawi, kichwa kikining'inia, akitazama sufuria.

Nilifurahi. Lazima niseme hivyo. Nilikuwa nimengoja chui miezi yote, naye amekuja mpaka nyumbani. Nilimtumia mkuu wa mradi picha, naye akajibu upesi kwa ujumbe wa sauti uliojaa furaha: nisimshushe yule mbuzi kwa vyovyote, chui atarudi kumalizia, nifunge kamera hapo hapo, na je, mbuzi ni wa nani? Nikatazama lile kundi la wazee. Hilo swali la mwisho ndilo walilokuwa wakilijadili.

Mashahidi walikuwa wamerudi, na safari hii hakuna aliyeondoka. Walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya mbuzi. Mjomba wa Nunguni alisimama, sweta likiwa kiunoni sasa, akasema kwamba watu wake wameleta mbuzi watatu na mbuzi wamefika, kwa hiyo binti ni mke wao, na yaliyotokea baadaye ni msiba wa mwenye nyumba, nao wanampa pole.

"Mimi sijashika kamba ya mbuzi hata moja," Mzee alisema.

"Mzee wangu, mbuzi iko juu ya jikoni yako. Damu inaingia kwa sufuria yako. Kama hapo haijafika kwako, itafika wapi?"

"Juu si kwangu," Mzee alisema. "Juu ni kwa Mungu."

"Na shina ni ya nani?"

"Shina iko kwa barabara. Barabara ni ya kaunti."

Wazee wa Nuu walitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa hesabu yao, Serikali ya Kaunti ya Kitui ilikuwa imeozesha binti.

Binti alikuwa amesimama mlangoni na gauni la kitenge alilolishona kwa ajili ya siku ile. Hakucheka. Mimi nilicheka kidogo, nikamwona, nikaacha. Bwana harusi wake alikuwa upande wa pili wa uwanja, kijana mpole wa kuuza mbolea, akipangusa jasho, na wawili hao walitazamana juu ya vichwa vya wazee kama watu walio kwenye foleni mbili za benki. Binti alitaka jambo moja tu, kuambiwa yeye ni nani, na sasa jambo hilo lilikuwa limelala kwenye panda ya tawi.

Nikaitwa kama mtaalamu.

"Wewe ndio umesomea," mjomba aliniambia. "Hii ya kwa gate. Ilikufa ikiwa ndani ama nje?"

Nilichukua kifaa changu cha kupimia, nikapiga magoti pale langoni, nikapima matundu ya meno, mapana na safi. Nilisema ni chui, hapana shaka, mkubwa, huenda dume. Walisema hilo wanalijua. Swali ni ndani au nje. Nilisema sayansi haina jibu la swali hilo. Mzee mmoja akamuuliza mwenzake kwa sauti kama nimemaliza masomo au niko attachment tu.

Hasira zikanipanda. Nikawaambia, nikikejeli, kwamba mbuzi hufia shingoni, kwa hiyo watazame shingo iko wapi.

Kejeli ni mali ya kutunza vizuri, usiigawe kwa watu makini. Wazee waliinuka wote, wakaja langoni, wakainama. Shingo ilikuwa imelala sawasawa kwenye mstari wa kati ya nguzo mbili za lango. Wakanyoosha kamba kutoka nguzo hadi nguzo. Tundu moja la jino likawa ndani, jingine nje. Wakaniuliza meno gani hutangulia, ya juu au ya chini.

"Chui yako ilitokea upande gani?" mwingine akauliza.

"Si chui wangu."

"Hiyo tulishamaliza. Ilitokea upande gani?"

Niliwaacha nikaenda kufunga kamera yangu kwenye shina la mkwaju. Nyuma yangu mabishano yaliendelea. Mzee alitaka mbuzi watatu wengine. Mjomba alisema kuleta wengine ni kukubali kwamba hawa hawakuletwa, na yeye hawezi kurudi Nunguni kuwaambia watu wake kwamba walishinda njiani na kupasua magurudumu mawili kwa ajili ya mbuzi ambao hawakuletwa. Mzee akasema basi binti abaki hapa nyumbani mpaka watu wapate akili. Mjomba akasema abaki, lakini mtoto ni wa Nunguni, na atakaa nao. Neno la mtoto lilipotajwa, binti alikaa chini kwenye ngazi ya mlango na kufunika uso kwa mikono. Mimi na ghadhabu zangu tulijiona wapumbavu kabisa.

Ndipo Mwaitu akaja kuhamisha sufuria.

Katika mambo ya ntheo wanawake hawasemi, wanapika. Yeye alikuja kwa sababu ya matone. Aliiinua sufuria ya chai, akaisogeza pale ambapo mbuzi hawezi kuifikia, akaifunika, akajifuta mikono kwenye leso, kisha akasema bila kumtazama mtu, kwa Kiswahili, ili mjomba na mimi na kila mtu tusikie vizuri.

"Hizo mbuzi si za huyu mzee hata kama zingeingia mpaka kwa kitanda."

Mjomba aliuliza kwa heshima kwa nini.

"Mwanaume hakuli ntheo ya msichana wake kama hakupeleka ya mama ya huyo msichana. Muulize yeye alipeleka mbuzi ngapi kwetu Kyuso."

Mbuzi wa juu peke yake ndiye aliyeendelea kutoa sauti, tone baada ya tone.

"Sisi tulifanya harusi ya kanisa," Mzee alisema hatimaye. "Nilikuwa nimeokoka. Hizo vitu tuliacha."

"Basi huyu kijana pia aende kanisa," Mwaitu alisema. "Mbuzi unamuitisha ya nini?"

Akarudi jikoni. Alipopita karibu na binti yake aliweka mkono kichwani pake, akauacha hapo kidogo.

Nilitazamia ugomvi mkubwa. Badala yake mjomba wa Nunguni alikaa kitini taratibu, akavua kofia yake ya sufu, uso wake ukiwa wa mtu aliyeponea ajali. Kumbe walikuwa karibu kumkabidhi mbuzi wa ntheo mtu asiyeweza kuwapokea. Ndoa ingekuwa na kasoro tangu mzizi, na wajukuu wangeirithi kasoro hiyo. Alifikiri. Alitazama juu. Halafu alisimama, akaja mpaka pale mkwajuni nilipokuwa, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Tunashukuru sana kwa chui yako," alisema. "Imetusaidia."

Safari hii sikukana.

Iliamuliwa kabla ya saa sita. Mbuzi wale hawakuwa wa mtu. Aliyebaki na haki nao alikuwa chui, na wawili wa chini wakazikwa mbali ili asizoee njia. Mzee angepeleka kwanza ntheo ya mkewe Kyuso, kwa kaka mkubwa wa Mwaitu. Wakipokelewa, watu wa Nunguni wangerudi na mbuzi wengine Jumamosi inayofuata, bila aibu ya mtu. Wasipopokelewa, hakuna kitu. Mzee alikubali yote akiangalia viatu vyake. Mbuzi wa juu nilimwombea aachwe mpaka asubuhi kwa ajili ya kamera, na kwa kuwa sasa nilikuwa na sifa, nikakubaliwa.

Asubuhi tawi lilikuwa tupu. Amekuja, amekula, amekwenda. Nilikimbia kuifungua kamera, nikatazama picha zote. Kulikuwa na wazee wakinyoosha vidole juu. Kulikuwa na wazee wakinyoosha vidole chini. Mzee wa kanisa alikuwepo, kinywa wazi, na mjomba akinishika mkono, na kofia ya sufu, na Mwaitu kwa mgongo, mkono kichwani pa binti yake. Picha zilikoma jioni. Kadi ilikuwa imejaa wazee. Mkuu wa mradi alitazama zile nilizomtumia, na kesho yake akauliza kama hicho ni kikao cha uhifadhi wa jamii. Nikamwambia ndiyo.

Siku mbili baadaye Mzee alikuja kukaa karibu nami nilipokuwa nikila, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alizungumzia mvua. Alizungumzia Tanzania. Mwishowe akasema, "Mwiitu, hiyo gari ya chui itaenda side ya Kyuso lini?"

Tulikwenda Ijumaa. Nyuma ya pikapu walipanda mbuzi watatu kutoka zizi la Mzee mwenyewe, aliowachagua kwa mkono wake na kuwaosha kwa sabuni, pamoja na bwana harusi wa Nunguni, ambaye hakuwa amerudi kwao, akakaa nao akiwashika pembe maana alisema hatawaacha tena mbuzi peke yao maishani mwake. Mbele walikaa dereva, Mzee akiwa na suti ya Jumapili, na mimi. Mwaitu na binti yake walikuwa wametangulia siku moja kabla kwa gari jingine, kwa sababu bibi harusi hawezi kufika na wanaomposa. Mwaitu aliondoka na mfuko mmoja. Hakumwambia mumewe kwaheri, na Mzee alilala njaa kwa kuwa hakujua unga unakaa wapi.

Kyuso kaka yake Mwaitu alitungoja uwanjani, mzee mkavu mwenye redio ndogo sikioni. Alitutazama tukishuka. Aliwatazama mbuzi wakishuka kwenye gari lenye chui mlangoni. Mzee wa kanisa alikuwa amemtembelea mtu huyu Krismasi nyingi, wamezika pamoja, wamegawana mashamba ya ndengu.

"Nyinyi ni watu gani?" kaka akauliza. "Mmepotea njia?"

Ndivyo mila inavyotaka, mwenyeji hamjui mgeni. Lakini yeye alilifanya kwa raha iliyopita kiasi.

"Sisi ni wasafiri," Mzee alisema. "Tumesikia kwa hii boma kuna msichana."

"Msichana? Hapa kuna ng'ombe na wazee wa magoti."

"Yuko," Mzee alisema, sauti ya kuombea mvua ikiwa imemkauka. "Mimi namjua."

Mwaitu akaitwa. Alitoka na leso mpya, kikombe cha chai mkononi, akakalishwa kwenye kigoda katikati ya uwanja mbele ya ndugu zake wote. Mbuzi waliletwa mbele. Mzee alibaki amesimama juani na suti yake, kwa sababu anayeposa haketi kabla hajakubaliwa. Binti alikuwa kando yangu, kwenye mlango wa gari. Alinishika kiganja. Maisha yake yote ya mbele, na mtoto, na jina atakaloitwa na mama mkwe, vilikuwa kwenye lile jibu ambalo kila mtu alilijua, maana wasichana wote hujibu hivyo: hufunika uso, husema kuleni, wanawake wakapiga vigelegele.

"Dada yetu," kaka alisema, na akaizima redio. "Hawa watu unawajua? Tukule mbuzi yao ama tusikule?"

Mwaitu hakufunika uso. Alimtazama mumewe kuanzia viatu kwenda juu, polepole, kama anayetazama kitu dukani.

"Sijawahi kuulizwa," alisema. "Ngojeni nifikirie."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alikunywa chai. Kicheko kikapungua, kikaisha, na yeye bado anakunywa. Mbuzi mmoja alianza kutafuna kona ya koti la Mzee na hakuna aliyemfukuza. Kiganja changu kilikuwa kimekufa ganzi mkononi mwa binti. Niliogopa kweli, kwa sababu nilikuwa nimeishi na mwanamke yule na sikuwa nimewahi kumwona akisema jambo asilolimaanisha. Alimaliza chai yake, akanyoosha kikombe, akaongezewa.

Mzee akasema, si kwa sauti ya wasafiri tena, "Hata mimi nilijua ni lazima upelekewe. Sababu haikuwa wokovu. Niliogopa wakikuuliza utakataa."

Mwaitu alikitazama kikombe.

"Hiyo wakati ningekataa," alisema.

Mzee aliinamisha kichwa, akakubali kama mtu aliyeambiwa jambo alilolijua zamani. Kisha Mwaitu akaweka kikombe chini, akajiegemeza kwenye goti lililo afadhali, akainuka mwenyewe bila kushikwa mkono na mtu.

"Chinjeni," alisema.